Kitungule na Nyongeza ya Chakula

Ukipita katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, yaani Pumwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho na mingineyo ambayo kwa pamoja huitwa Eastlands, huenda ukaona nyuma ya nyumba sanduku la mbao lililozibwa kwa wavu wa seng'enge. Ndani ya sanduku hilo mna sungura, na mwenye sungura aghalabu ni mtoto wa shule. Mtoto huyo humpenda mnyama wake, naye hutamani kumwona akinenepa upesi. Basi humkusanyia kila kilicho kitamu: kipande cha mkate, ganda la ndizi, konzi ya mahindi, na pengine matone ya dawa ya vitamini iliyonunuliwa kwa ajili ya kuku au ya mdogo wake. Mara nyingi, baada ya siku chache, sungura mchanga huendesha, hujikunyata pembeni, na kulipokucha huwa amekufa. Mtoto hulia, asijue kwamba aliyempoteza mnyama wake ni ule ukarimu wake mwenyewe.

Kuna swali kubwa lililojificha ndani ya sanduku hilo dogo. Nyongeza ya chakula ni nini hasa, na kiumbe mchanga huihitaji wakati gani? Swali hili lina historia ndefu. Wataalamu wa nchi nyingi walihangaika nalo katika karne ya 20, na sehemu ya jawabu ilitafutwa hapa hapa Kenya, si mbali sana na mitaa hiyo. Tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua, kisha turudi kwa sungura wetu.

Kwanza yatupasa kumjua mnyama mwenyewe. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayewashinda Simba na Fisi kwa akili, ni mnyama wa pori wa nchi hii. Watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofumbuka, na kwa muda mfupi huweza kukimbia. Sungura wa kufugwa ni wa ukoo mwingine kabisa. Asili yake ni Hispania na kusini mwa Ufaransa, naye aliletwa Afrika ya Mashariki na Wazungu. Watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba, hawawezi hata kutambaa vizuri. Kiswahili kina neno lake la mtoto wa sungura: kitungule. Kitungule wa kufugwa hufumbua macho akiwa na umri wa siku 10 hivi, na huanza kuonja majani karibu na juma la tatu. Mama huwanyonyesha wanawe mara moja tu kwa siku, tena kwa dakika chache, kisha huondoka. Watoto wengi wa watu, wakiona hivyo, hudhani kwamba vitungule wametupwa na mama yao, wakakimbilia kuwanywesha maziwa ya ng'ombe. Lakini maziwa ya sungura ni mazito mno. Mafuta na protini zilizomo ni kama mara tatu ya zile za maziwa ya ng'ombe. Kunyonya mara moja kwawatosha.

Sasa tutazame mitaa yenyewe. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya mwanzo ya 1920 kuwa makao ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Shirika la reli nalo lilijenga nyumba za wafanyakazi wake Muthurwa na Makongeni. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na katika miaka ya 1950 ikaongezwa mitaa mingine, miongoni mwake Ofafa na Mbotela, ambayo majina yake ni kumbukumbu ya Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, viongozi waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Nyumba nyingi zilikuwa za chumba kimoja, na mshahara ulikuwa mdogo. Hapakuwa na nafasi ya kufuga ng'ombe, wala sheria ndogo za mji hazikupendelea mifugo. Ndiyo maana sungura alifaa: hapigi kelele, hula majani ya kando ya njia, na makao yake ni sanduku tu. Mwaka 1962 vilianzishwa vyama vya 4-K katika shule za Kenya, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na ufugaji wa sungura ulikuwa mojawapo ya kazi walizofundishwa watoto. Miaka mingi baadaye, mwaka 2015, Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na hivyo kazi iliyokuwa ikifanywa uani kwa kujificha ikapata nafasi katika sheria.

Lakini kufuga ni kulisha, na kulisha ni maarifa. Maarifa ya nyongeza ya chakula yalianza kwa mnyama mdogo kama sungura, yaani kuku. Katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa akifanya kazi Batavia, katika kisiwa cha Java. Aliona kuku wa hospitali wakilegea miguu na kuanguka, wakiwa na dalili zilizofanana na zile za wagonjwa wa beriberi. Baada ya kuchunguza aligundua kwamba kuku hao walikuwa wakilishwa mchele mweupe uliokobolewa. Waliporudishiwa mchele wenye ngozi yake, walipona. Kumbe kile kilichotupwa kuwa pumba ndicho kilichokuwa na uhai! Mwaka 1912 mtaalamu Casimir Funk, mzaliwa wa Poland, alitoa jina ambalo leo sote twalijua: vitamini. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Gowland Hopkins.

Zingatia jambo hilo, msomaji. Kuku wa Batavia hawakuponywa kwa kupewa kitu kigeni cha ajabu. Waliponywa kwa kurudishiwa kile walichonyang'anywa. Katika Eastlands jambo hili lina kinaya chake, kwa maana kwa miaka mingi mahindi yamekobolewa ili watu wapate unga mweupe, na pumba zikauzwa kuwa chakula cha mifugo. Mara nyingi sungura wa uani alipata vitamini ambazo mtoto mwenye sungura alikosa mezani. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka wasagaji wautie unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti vitamini na madini, ili kurudisha sehemu ya kile kinachopotea kinuni.

Tutoke sasa kwenye nafaka, twende kwenye udongo. Katika sehemu za Nakuru wafugaji walisumbuliwa na ugonjwa wa ajabu wa mifugo. Majani yalikuwepo tele, ng'ombe walikula, lakini walikonda, manyoya yakakwaruza, na mwisho wakafa kama waliokufa kwa njaa. Ugonjwa huo ukapewa jina la mahali hapo hapo. Wengine walidhani kwamba kilichopungua ni chuma. Ilikuwa mwaka 1935 wataalamu wa Australia walipoonyesha kwamba ugonjwa kama huo katika nchi yao ulitokana na upungufu wa madini ya kobalti katika udongo. Kiasi kidogo mno cha madini hayo kilitosha kumwokoa mnyama. Ndipo ikajulikana kwamba hata ng'ombe wa Nakuru walikufa kwa upungufu huo huo. Mwaka 1948 fumbo likafumbuliwa zaidi: vitamini B12 ilipatikana ikiwa safi, na ndani yake ikaonekana kobalti. Vijidudu vilivyomo tumboni mwa ng'ombe hutengeneza vitamini hiyo, lakini haviwezi kuitengeneza bila madini hayo, kama mwashi asivyoweza kujenga bila mawe.

Wakati huo huo watu walianza kuuliza: kama udongo unaweza kumdhuru ng'ombe, je, chakula cha binadamu? Mtaalamu wa Uskoti, John Boyd Orr, aliyekuwa amechunguza madini katika malisho ya Kenya, alishirikiana na John Gilks, mkuu wa idara ya utabibu ya koloni, kulinganisha Wamasai na Wakikuyu. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1931. Walisema kwamba mwanamume wa Kimasai, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi mwanamume wa Kikuyu, aliyekula zaidi nafaka na viazi, kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Huko kwao Uskoti, Orr alikuwa amekwisha kuonyesha katika miaka ya 1920 kwamba watoto wa shule waliopewa maziwa ya nyongeza hukua upesi kuliko wenzao. Baadaye, mwaka 1945, akawa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hata hivyo, wanahistoria wa baadaye wameikosoa taarifa ya 1931. Waliotazamwa zaidi walikuwa wanaume. Wanawake wa Kikuyu walikuwa na chakula chao chenye mboga nyingi za majani, zenye chokaa na madini mengine, na afya yao haikulingana na maneno mepesi yaliyosemwa juu ya kabila zima. Tena, kulinganisha watu wa nchi mbili tofauti, wenye maradhi tofauti na maisha tofauti, kisha kulaumu chakula peke yake, ni kuruka hatua. Hapa pana fundisho la pili. La kwanza lilikuwa kwamba nyongeza ni kurudisha kilichopungua. La pili ni kwamba kabla ya kusema kimepungua nini, hapana budi kutazama vizuri yule unayemlisha, na kila anachokula.

Je, sungura wetu amepungukiwa na nini? Hapa mnyama huyu anatushangaza. Mwaka 1882 mganga wa mifugo wa Ufaransa aitwaye Morot aliandika kwamba sungura hutoa kinyesi cha namna mbili. Namna ya kwanza ni zile punje kavu tunazozifagia. Ya pili ni laini, imefungwa katika ute, nayo sungura huila moja kwa moja kutoka mwilini mwake, wala haianguki chini. Habari hiyo haikusikilizwa sana hata mwaka 1939, watafiti wengine walipoithibitisha. Katika mfuko mkubwa uliomo tumboni mwa sungura, vijidudu huchachusha nyuzi za majani na kutengeneza protini na vitamini za kundi la B. Sungura akizila punje zile laini, hujipatia nyongeza aliyoitengeneza mwenyewe. Vilevile vitamini C huitengeneza mwilini mwake, jambo ambalo binadamu hawezi. Hivyo sungura mwenye afya, anayekula majani ya kutosha, ana duka la dawa tumboni mwake. Kumwongezea vitamini hizo ni kumwaga maji baharini.

Nyongeza nyingine si upotevu tu, bali ni hatari. Mwili wa sungura hupokea chokaa nyingi kutoka katika chakula, kisha hutoa ziada kwa njia ya mkojo. Ndiyo maana mkojo wake huweza kuwa mzito na mweupe. Akizidishiwa chokaa, huweza kupata mawe katika kibofu. Akizidishiwa vitamini D, chokaa hujikusanya katika figo na mishipa yake, na hilo huweza kumwua. Matone yanayotiwa katika maji ya kunywa nayo hubadili ladha ya maji; sungura huyakataa, akaumia kwa kiu.

Hatari kubwa kuliko zote ni ile ya wakati wa kuachishwa ziwa. Kitungule anayenyonya hulindwa na maziwa ya mama, kwa kuwa mafuta yake huzuia vijidudu viovu visizaane tumboni. Maziwa yakikoma, ulinzi huo huondoka, na vile vijidudu vyema vya kusaga majani bado havijaenea vya kutosha. Kitungule yuko katikati ya daraja: ameacha ukingo mmoja, hajafika wa pili. Ukimpa wakati huo mkate, mahindi na sukari, wanga mwingi huteremka mpaka kwenye ule mfuko mkubwa, na vijidudu viovu hupata karamu. Hutoa sumu, kitungule akaendesha, na kwa kuwa sungura hawezi kutapika, hana njia ya kujitoa katika shari aliyoila. Huo ndio mkasa wa sanduku tuliloliona mwanzoni.

Basi afanyeje mwenye kumpenda? Amwache kitungule na mama yake majuma 6, na ikiwezekana 8. Ampe mama chakula cha ziada, kwa maana anayehitaji nyongeza wakati wa kunyonyesha ni yeye: tembe za chakula cha sungura, majani makavu tele, na maji safi wakati wote. Vitungule watakapoanza kuonja, wataonja kile anachokula mama yao. Siku ya kuwatenga, asibadili chakula hata kidogo. Majani mabichi, kama kishona nguo au sukuma wiki, yaanze kwa kipande kidogo, aina moja baada ya nyingine, nayo yasiwe yameloa wala kuchacha. Majani ya kabichi yaliyookotwa chini ya meza za sokoni si zawadi. Majani ya lusini, yenye chokaa na protini nyingi, yafaa kwa kitungule anayekua, lakini yapunguzwe atakapokuwa mkubwa. Sakafu ya sanduku iwe kavu na isafishwe kila siku, kwa sababu vijidudu vya koksidia, ambavyo huua vitungule wengi, huenezwa na kinyesi, wala hakuna vitamini inayoweza kushinda uchafu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Neno hilo wengi hulichukua kuwa la fedha. Kumbe hata tumbo la kitungule hujazwa hivyo hivyo.

Msomaji, usidhani kwamba haya ni mambo ya sungura tu. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika juu ya watoto waliovimba miguu, nywele zao zikabadilika rangi, na ngozi ikabambuka. Wengi walikuwa wameachishwa ziwa wakapewa uji wa mahindi peke yake. Yeye hakujitungia jina la Kilatini. Aliwauliza akina mama wa Kiga, wakamwambia kwamba huo ni kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani baada ya mdogo wake kuja. Akina mama walikwisha kuona kwa macho yao wakati wa hatari, kabla ya wataalamu kuuandika. Katika Afrika ya Mashariki ugonjwa huo ulichunguzwa sana hospitalini Mulago, Kampala, katika miaka ya 1950. Mtoto wa binadamu na kitungule huvuka daraja lile lile, ingawa chakula cha mmoja si cha mwingine. Mtoto hufa kwa kupewa uji mtupu usio na protini ya kutosha. Kitungule hufa kwa kupewa wanga asioweza kuusaga. Anayedhani kwamba nyongeza ni kitu kimoja kwa wote atamdhuru mmoja wao.

Huko shuleni nako nyongeza imepata historia yake. Mwaka 1979 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilianza kuwagawia watoto wa shule za msingi maziwa ya bure, yaliyojulikana kama maziwa ya Nyayo. Watu wazima wengi waliosoma Eastlands siku hizo bado wazikumbuka zile pakiti. Mpango huo ulififia katika miaka ya 1990, lakini uliacha wazo kwamba lishe ya mtoto si jambo la mzazi wake peke yake.

Twaambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli, lakini mwashi mwenye busara kwanza huutafuta ufa ulipo. Asipoutafuta, atapaka saruji kila mahali, na nyumba itaelemewa na uzito wa saruji yenyewe. Kuku wa Batavia walikuwa na ufa wao, na ng'ombe wa Nakuru wao, na watoto wa uji mtupu wao. Kila ufa ulizibwa ulipokwisha kuonekana. Kitungule mwenye mama, majani, maji na sanduku kavu, aghalabu hana ufa wa kuzibwa kwa chupa ya dukani.

Kwa hiyo, ukiwa na sungura nyuma ya nyumba yenu, na mkono wako ukitaka kumpa kitu kitamu, jiulize kwanza maswali matatu. Amepungukiwa na nini? Nimejuaje? Tumbo lake liko tayari kukipokea? Ukikosa jawabu, mkatie fungu la majani makavu, mbadilishie maji, kisha kaa kando umtazame. Eijkman alijifunza kwa kuwatazama kuku, na Williams kwa kuwasikiliza akina mama. Nawe uliye shuleni waweza kuanza hapo hapo penye sanduku lako.